Dawa ya Maboga

Fundi cherehani yule alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Mshono ukipinda kidogo tu, anafumua wote. Mke wake alipopigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala na maneno yakabaki matatu, fundi alifunga kibanda chake, akahamishia cherehani sebuleni, akaamua atamnyoosha na mkewe. Utadhani kiharusi ni suruali.

Maneno yenyewe yalikuwa "chai", "hapana" na "dawa". Kwa chai na hapana walielewana vizuri. Dawa ndiyo iliyowatoa jasho. Asubuhi moja fundi alimsogezea kiti dirishani, bibie akatazama bustani yake ya nyuma, maboga na mchicha na bamia, akanyoosha mkono uliobaki mzima. "Dawa." Fundi mbio na vidonge. "Hapana." Akaleta ya kuchua. "Hapana." Mwisho akakifuata kile kidole mpaka nje, akakuta wadudu weusi wamejaa kwenye majani ya maboga. Loo, kumbe mgonjwa ni bustani.

Siku hiyohiyo akanunua dawa dukani, ile ya chupa yenye picha ya fuvu, pamoja na pampu ya kubeba mgongoni. Akapiga. Na kwa kuwa mkono wake haujui nusunusu, aling'oa na vijimaua vyote vya porini vilivyoota kando ya uzio, akafagia majani makavu, akayachoma. Wadudu wakafa. Akajipongeza mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumpongeza.

Maboga yakachanua, maua yakadondoka. Yakachanua tena, yakadondoka tena. Bibie dirishani: "Dawa." Fundi akaongeza dawa. "Dawa, dawa," na machozi yanamtoka. Fundi akaongeza nyingine. Ikafika siku bibie akaacha kabisa kutazama nje. Akawa anatazama ukuta, na chai inapoa mkononi mwa fundi bila kuguswa. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Mke wake alikuwa anamponyoka, na yeye hajui amekosea wapi.

Jumamosi akaja shemeji yake, mdogo wa bibie, mwanamke asiyejua kunong'ona. Alimsalimu dada yake, akapitiliza bustanini, akasimama.

"Shemeji, mbona kimya hivi? Nyuki wako wapi?"

"Nyuki gani? Si nimepiga dawa."

"Dawa ipi?"

Akamletea chupa. Shemeji akashika kiuno.

"Jamani, shemeji. Dada hajawahi kuingiza sumu hii humu ndani. Dawa yake ni majani ya mwarobaini, anayaponda, anayaloweka na sabuni ya kufulia kwenye ile ndoo nyuma ya nyumba. Ananyunyiza jioni, nyuki wakisharudi kwao. Na hayo maua uliyong'oa aliyaacha makusudi, ndiyo yanayowaita. Sasa boga bila nyuki litazaa nini? Miaka thelathini na nane umeishi na mtu, hujui ndoo yake ina nini?"

Fundi akaigeukia ndoo. Ndoo aliijua. Aliipita kila asubuhi akienda kazini, na alizoea kuisukuma kwa mguu isimchafulie suruali.

Akaingia ndani polepole. Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini alikaa chini sakafuni, karibu na kiti cha mkewe.

"Bibie," akasema, "nimewaua nyuki wako. Wewe unaniambia, mimi nasikia yangu. Pampu sigusi tena. Maua nitayaacha yaote, hata uzio usionekane. Mwarobaini nitaponda mwenyewe, utanielekeza kwa kidole. Ila kama hawarudi..." Akainamisha kichwa, mzee mzima, mabega yanatikisika.

Bibie aligeuka kutoka ukutani. Mkono wake mzima ukatafuta kichwa cha mumewe, ukatua kwenye mvi. Midomo ilihangaika kwa muda mrefu, shemeji naye akachungulia mlangoni. Kisha likatoka neno jipya, la kwanza kwa miezi mitano, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwanyamazishia watoto wao wote wanne.

"Basi," akasema, akimpapasa. "Basi, basi."