Wimbo wa kumwogeshea mwanangu nimeusikia ukumbini Makambako

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Njombe ni ndogo na wapiga fidla walioolewa na maseremala hawazidi mmoja. Nina miaka 36, nakaa mtaa wa Ramadhani na mke wangu na binti yetu wa miezi kumi.

Mke wangu alifundishwa fidla na masista akiwa msichana. Mwaka jana akajiunga na kikundi cha Makambako kinachopiga muziki mpya, ule wa kutungwa juzi juzi, si nyimbo za kwaya. Kila Jumamosi anapanda basi kwenda mazoezini. Mimi muziki wenyewe siuelewi. Mara wanakwaruza nyuzi, mara wanagonga ubao wa fidla, mara wananyamaza wote. Nilimtania, "Mbona hata randa yangu inapiga hivyo?" Akacheka, "Baba Upendo, huu si wa kuimba ukioga."

Lakini kuna wimbo mmoja anaomwimbia mtoto akimwogesha. Hauna maneno, anauvumisha puani tu. Aliniambia kautunga mwenyewe kwa ajili ya Upendo, na mbele za watu haimbi kabisa, anaona aibu.

Mwezi uliopita kikundi kilialika familia zetu ukumbini. Mwalimu wao, mwanaume mtanashati asiye na mke, akatusalimia "Kamwene!", akasema utunzi unaofuata ni wake, haujawahi kupigwa popote. Wakakwaruza weee, mtoto akaanza kulia. Mara mke wangu akasimama peke yake na fidla. Ndugu zangu, ulikuwa ule ule wimbo, mwanzo mpaka mwisho! Upendo akanyamaza, akaniegemea begani, akalala.

Kwenye basi nikamuuliza, "Mwalimu kaupata wapi?" Akatazama dirishani. "Labda niliuimba mazoezini bila kujijua." Mtu mwenye aibu vile? Au mwalimu ndiye aliyeutunga, mke wangu akamletea mwanangu?

Tangu siku hiyo hauimbi tena. Mtoto akiogeshwa ni kilio. Jumapili nilimwogesha mimi, nikauvumisha ule wimbo kwa sauti yangu mbaya, akatulia. Kugeuka, mama yake yuko mlangoni analia. Sikumuuliza analilia nini, niliogopa jibu.

Jamani wenye ndoa zenu, nishaurini. Nimbane aseme ukweli, au ninyamaze? Maana mtoto keshazoea, na sasa kila asubuhi mimi ndiye ninayemwimbia wimbo ambao huenda ni wa yule bwana.