Chungwa ya Pili

Nitawaambia, na muniache na haya yangu. Deni ya hopitali ilikuwa ya zamani, ya siku bibi yangu alipasuliwa kwa kuzaa mapasa, batoto babili mara moja. Miaka ine ilipita na sikulipa yote. Tangu nilisikia kama muntu wa kulipisha anazunguka kambi yetu hapa Elisabethville, kengele yoyote ya baiskeli ilinirusha kwenye kiti.

Siku ya Mungu, ule muntu wa kulipisha akafika. Bibi alikuwa ku misa na mutoto mumoja. Mimi nilibakia na mwenzake.

"Jambo, baba. Natafuta Ilunga, baba ya mapasa."

"Ilunga alihama," nikajibu. "Anauzisha samaki kule Kasenga. Mimi jina yangu Kasongo."

"Na huyu mutoto?"

"Iko yangu. Niko na huyu mumoja tu."

Akakunja karatasi yake ya deni, akaomba maji. Alikunywa polepole, na mimi namuombea amalize aende. Kisha akatosha chungwa moja mu mufuko, akamupa mutoto.

Sasa muzazi gani wa mapasa angenyamaza? Kwetu ukimupa mumoja peke yake, mwenzake atagonjwa. Nilimukamata koti mbele ya kufikiri.

"Baba, hapana. Uongeze ingine, ya mwenzake."

Hakucheka. Chungwa ya pili ilikuwa tayari mu mukono yake.

"Kamata, Ilunga," akasema, akakunjua tena karatasi.