Miye mwenye haya, tablette ya shule na ile baffle ya pale drapeau

Wakuu, salamu kutoka Bunia, Kongo, mutaa wa Bigo. Humu nasomaga tu, sijaandika hata siku moja. Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, mutanivumilia.

Hii ninayoleta sikuisikia kwa mutu. Ilinipata miye. Mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu kitandani, dada ananigusa paji la uso akifikiri ni malaria.

Kwanza munijue kidogo. Niko Kahindo, troisième humanités, mwaka wa tatu wa sekondari. Wazazi walitoka Butembo, wanauza vitenge sokoni.

Miye sisemagi mbele ya watu. Nyumbani nasema, na shajara yangu naiandikia mpaka Bic inaisha wino. Ila macho ya watu yakinigeukia tu, koo inafunga kama duka siku ya Jumapili.

Prof wa biologie aliniita kwa exposé, kuelezea somo mbele ya classe, nikasimama, nikaangalia viatu vyangu, nikarudi kukaa. Zéro. Exposé iliyofuata, vilevile.

Akaniambia kwa upole, "Kahindo, mama, zéro moja tena utarudia mwaka. Nitafanya nini?"

Hapo njo tablettes zikafika shuleni kwetu!

Zilikuja na kasanduku keusi, kadogo kama sabuni, kenye vitabu na video ndani. Internet hakuna, lakini unawasha Wi-Fi na yote inafunguka. Umeme ni wa panneau solaire ya jua juu ya bati, basi.

Tulikaa watatu kwa tablette moja. Ngabu, jirani yangu wa banc, benchi moja, alifungua moyo wa mutu unadunda kwa kioo ya tablette, akapiga kelele "Yesu!" Nusu ya classe ikapanda juu ya bancs, walifikiri ni nyoka.

(Ngabu familia yake ilikimbia vita toka Djugu. Shule yake ya kule ilibaki kuta tu. Tablette anaishikaga na mikono miwili, kama mutoto muchanga.)

Sasa prof akatangaza: exposé ya safari hii, kila mutu ajirekodi. Tena kwa Kiswahili, kama vile unaelezea mudogo wako. Zile nzuri ataziweka kwa kasanduku, watoto wa primaire ya humu humu shuleni wasikilize.

Wakuu, kusema bila macho ya watu! Nilitaka kumukumbatia!

Kengele ya récréation, mapumziko, ikapigwa. Nikachukua tablette moja kwa kabati wanamozitunza, hivi hivi tu, nikajifungia kwa depo, kachumba kako kwa mwisho wa barza, kati ya mifagio na makopo ya rangi. Somo langu: chakula inapita wapi.

Nikaanza. "Ninyi watoto, tuseme tonge ya bugali ni pikipiki inatoka Bunia inaenda Bogoro. Mudomo njo parking. Kwa koo kuna barrière, na polisi wake anaitwa épiglotte. Huyo ni kafuniko ka koo, na kati ya polisi wote yeye peke yake hakuli kitu kidogo! Lakini ukisema huku unameza, anachanganyikiwa, anafungua barabara ya hewa, unakohoa mpaka machozi. Tumboni sasa ni tope ya saison ya mvua, pikipiki inazunguka, inazunguka, mpaka inakuwa supu..."

Nilienda hivyo mpaka mwisho. Furaha ikanizidi, nikasahau kuzima. Nikaongeza, "Eh Mungu, prof asiniweke zéro, hata kama cravate yake ya shingoni inafanana na ulimi wa ng'ombe."

Nikabonyeza nisikilize. Kimya.

Nikaongeza volume. Kimya. Nikapandisha mpaka juu kabisa, nikaanzisha upya. Kimya tu! Nikajua nimeua tablette. Nikaanza kusali kati ya mifagio.

Kumbe ile tablette njo ilipiga hymne, wimbo wa taifa, asubuhi pale drapeau, bendera ikipanda. Bluetooth ilikuwa ingali imeunganishwa na baffle, ile spika kubwa ya kule drapeau, na hakuna mutu alizima; miye ndani ya depo, mulango umefungwa, kelele ya inje nilifikiri ni ya récréation tu.

Ngabu njo alinieleza baadaye. Baffle ilipofanya krrr, cour, uwanja wote wa shule, ikanyamaza. Huku kwetu hata sasa palipotulia, sauti kubwa ya ghafla, mutu anaangalia kwanza barabara ya kukimbilia. Préfet, mukubwa wa shule, alitoka na kikombe ya chai mukononi.

Halafu wakasikia, "Ninyi watoto, tuseme tonge ya bugali ni pikipiki..."

Shule ikapasuka kwa kicheko! Nilipoanzisha upya, wadogo wa primaire walikuwa tayari wanaitikia.

Miye nikatoka depo, tablette nyuma ya mugongo, machozi karibu. Namukuta prof amesimama katikati ya cour, ameshika cravate yake, anaiangalia kama haijui.

"Mwenye hii sauti ni nani?"

Hakuna alijua. Wakuu, hakuna! Mwaka muzima niko nao. Mumoja akasema ni mama wa radio. Mwingine akasema labda Kahindo, anatoka depo. Safi, yule anayetuchekaga wote, akajibu, "Kahindo? Huyo alizaliwa bila baffle!"

"Basi," prof akasema, "bila mwenyewe, hakuna cote, hakuna alama."

Ningenyamaza, cravate ingesahaulika. Lakini zéro ingebaki, na mwaka ningerudia.

"Ni miye, Prof."

Ilitoka kadogo. Safi akacheka, "Weye? Weye na nani? Tuonyeshe."

Koo ikaanza kufunga. Nikaisukuma. "Kwa koo kuna barrière..."

Cour muzima ikaitikia, "NA POLISI WAKE ANAITWA ÉPIGLOTTE!"

Nikaendelea mpaka kwa tope, mpaka kwa supu. Viatu vyangu sikuviangalia.

Prof akainua mikono. "Tumupige ban!" Makofi ya pamoja: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Ngabu alipiga mpaka akapitisha rythme.

"Dix-sept juu ya vingt, kumi na saba juu ya makumi mbili," prof akasema. "Tatu nimetoa sababu ya cravate."

Funzo nililopata: angalieni Bluetooth kabla ya kusema vibaya mavazi ya mukubwa. Haya yangu haijaisha, jana kwa boulangerie, kununua mukate, nilinyoosha kidole tu. Lakini sasa najua sauti iko ndani, inangojaga tu mulango.

Na kila asubuhi watoto wa primaire wananipita mbio wakiita, "Madame Épiglotte, barrière iko wazi?"

Najibu, "Piteni." Kwa sauti.

Wenye haya wenzangu humu, mulifanyaje ninyi? Na walimu, munaonaje hizi tablettes? Mwagikeni hapo chini, nitasoma zote. Hata kujibu, nitajaribu.