Kufuli la Sumangala

Sumangala Hegde alikuwa mtu wa hesabu kamili. Ukimpelekea makadirio, anakurudishia na maneno juu. Pale Bengaluru aliandika kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, na sehemu aliyopewa humo ilikuwa ile ya kuhesabu kila programu imetumia muda na kumbukumbu kiasi gani. Ili sehemu mbili za mashine zisiandike kwa pamoja na kuvuruga hesabu, aliweka kufuli moja. Anayetaka kuandika au kusoma hesabu hulishika, na wengine wote husubiri.

Wenzake walimlalamikia kwamba kufuli lile linachelewesha mashine kubwa. "Haraka haraka haina baraka," aliwajibu, wakachoka kubishana naye. Ukaidi huo, nisimfiche mtu, ndio uliomponza.

Msimu ule wa mvua kubwa, mashine yenye kiini chake iliendesha bwawa moja huko Malnad. Chini ya bwawa, kando ya mto, aliishi mama yake, Girijamma, aliyekataa katakata kuhamia mjini kwa sababu ng'ombe wake hawapandi lifti. Bwawa likijaa, msimamizi huamuru king'ora kilie vijijini, watu wapande juu, kisha ndipo milango ya kutolea maji ifunguliwe.

Asubuhi moja msimamizi huyo, Iranna, alimpigia Sumangala simu.

"Dada, mashine yako imelala usingizi wa pono! Nimeamuru king'ora, kimya. Nikaona maji yananizidi, nikaamuru na milango. Kimya!"

"Mmefungua nini kwenye skrini?"

"Dirisha la hesabu, tuone nani anaila mashine. Hapa kila mtu kalifungua. Na wakubwa mjini nao wanatazama."

Sumangala akang'amua. Kila dirisha lilikuwa likiomba hesabu mfululizo, na kila ombi lilishika kufuli lile lile, huku amri za Iranna zikilisubiri, maana amri haianzi kabla hesabu yake haijaandikwa. Mashine ilivyozidi kusuasua, watu walizidi kutazama, na walivyotazama ikazidi kukwama.

"Fungeni yote! Msitazame!"

"Tusitazame? Dada, una wazimu? Maji haya hapa kifuani, unatuambia tufumbe macho!"

"Kaka yangu, nakuomba. Mnaiua kwa kuitazama."

Iranna akasonya, lakini alisikika akiwafokea wenzake, na wa mjini nao wakapigiwa. Madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Mashine bado. Lilibaki la Sumangala mwenyewe, alilolifungua huko Bengaluru kuitazama mashine ya bwawa, lenye kudai hesabu ya kila programu bila kupumzika, maana yeye hakuridhika na muhtasari. Akalifunga. Sasa hakuna aliyejua chochote.

"Imeamka!" Iranna alipiga kelele. "Milango hiyo, inafunguka!"

"Na king'ora?"

Kufuli lile halikujali nani alitangulia kufika. Likiachiliwa, mwenye kuwahi ndiye hupita, na amri mbili zilikuwa zikilisubiri bega kwa bega. Alilijua hilo, kwa sababu ndivyo alivyoliandika.

"Iranna! King'ora?"

Simu ilileta ngurumo ya maji, nzito. Kisha, nyuma ya ngurumo, kwa mbali, king'ora kikaanza kulia.

Sumangala akakata, akampigia mama yake. Simu iliita hadi ikakatika yenyewe. Akapiga tena.