Vitufe Vilivyogoma Kuvaa Rangi

Wenzake ofisini hawakumficha: kaingia pale kwa mgongo wa wifi yake. Dada wa mumewe ndiye fundi mkuu wa kutengeneza tovuti, na yeye mwenyewe hadi juzijuzi alikuwa akikaa mapokezi ya zahanati. Sasa bosi kampa ukurasa mmoja wa majaribio, wa kuwekea miadi kwa daktari wa meno, na bosi mwenyewe ataukagua leo jioni. Ukikubalika, anabaki. Mgeni, kwa kuchoshwa na maneno ya wenzake, akamwapisha wifi asimsaidie hata herufi moja.

Na kazi yenyewe ilimkolea, jamani. Zamani alijifunza kupamba kurasa kwa kuandika faili refu pembeni, mpaka akawa hajui kipi ni cha wapi. Tailwind, zana ya kupambia kurasa za tovuti, ikamfungua macho. Vineno vifupi vipo tayari, unavipachika palepale kwenye kitufe: kimoja kinaviringa kona, kingine kinaongeza nafasi, kingine kinatia rangi. Unahifadhi, unatazama, kitufe kimeshapendeza. Alikuwa akicheka peke yake.

Basi ujanja ukamzidi. Vitufe vya saa za miadi zilizo wazi viwe kijani, vya zilizojaa viwe vyekundu. Lakini badala ya kuandika maneno mawili kamili, akayakata. Mwanzo wa neno huku, jina la rangi kule, ukurasa uunge wenyewe ukifunguliwa. Vitufe vikatoka vyeupe pe. Akafuta, akaandika upya, akazima kompyuta na kuiwasha. Vyeupe pe. Meza ya pili, wifi alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu bila kuinua uso, na mgeni akamnunia kimoyomoyo, kana kwamba si yeye mwenyewe aliyemwapisha.

Jasho likimtoka, akarudi kwenye maelezo na kuyasoma polepole. Kumbe Tailwind hupitia mafaili mapema, na hutengeneza rangi za maneno iliyoyakuta mazima tu, vipande haivitambui. Akayaandika yote mawili kwa ukamilifu. Kijani kikatokea kwenye kioo, nyekundu ikafuata, naye akaruka nusura aangushe kiti.

Jioni bosi akabofya, akabofya tena, kisha akamgeukia wifi na kumuuliza yeye amesaidia wapi.

“Sijagusa kitu, bosi,” wifi akasema. “Kosa nimeliona tangu asubuhi. Nimekaa nalo mpaka kifuniko cha kalamu kikaisha.”

Bosi akamwambia mgeni achague meza ya kudumu, hata ile ya dirishani ikimpendeza. Akachagua ileile aliyokuwa ameikalia, ubavuni mwa wifi.