Mama Kwa Nini na Pikapu ya Dawudi

Kulusum alifika gereji na kigoda chake na chupa ya chai, kwa sababu gari haliachwi peke yake kwa fundi. Hapa Kampala mwenye gari hukaa nalo kama anayemuuguza mgonjwa. Ukigeuka kidogo, betri yako nzima imekwenda zake na betri kuukuu imekaa mahali pake. Odero, fundi mwenyewe, Mkenya aliyehamia Nsambya zamani, hakuchukia kulindwa. Kulindwa alikuzoea. Maswali ndiyo hakuyazoea.

Kwao Makindye mwanamke huyu anaitwa Mama Kwa Nini, na jina hakupewa bure. Humuuliza imamu kwa nini, humuuliza daktari kwa nini. Kule sokoni Kalerwe, anakochukua nyanya na vitunguu kwa pikapu hiyohiyo, wauzaji wakimwona kwa mbali hupunguza bei mapema ili asianze.

"Fundi, hii injini utaitoa?"

"Hapana, mama. Injini inabaki hapo hapo. Tunatoa hii chuma ya chini."

Chuma chenyewe hukatiza chini ya injini kutoka upande mmoja wa chesisi hadi wa pili. Mikono ya magurudumu ya mbele imeshikwa nacho, na injini imekikalia. Mafundi wanakiita krosimemba. Cha pikapu hii kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kikapasuka, na gurudumu la kulia likaanza kuinamia ndani.

"Sasa kama injini imekaa juu yake na wewe unaitoa, injini itakaa juu ya nini?"

"Itaning'inia."

"Kwa nini isianguke?"

"Mama, kunywa chai kwanza."

Pikapu ilikuwa ya mumewe, Dawudi, dereva wa polisi mstaafu, aliyefariki mwaka uliopita. Mtu mpole, mchache wa maneno. Kila Ijumaa akitoka msikitini alitandika mkeka akajilaza chini ya gari hadi wali upoe. Ukimwuliza anafanya nini, alijibu, "Nachungulia tu." Kulusum aliamini mzee anasinzia huko akiyakimbia maswali yake, na huenda hakukosea sana.

Katika maisha yote ya Kulusum, jambo moja tu lilimshinda kulijua, nalo lilimkaa rohoni kama mwiba: doka lake lilikwenda wapi. Doka ni lile bamba la chuma ambalo Wanubi, watu wa kabila lake, hupikia gurusa, mikate yao myembamba. Lake alilirithi kwa mama yake. Lilipotea mara tu baada ya arusi ya binti yake, Husnah, na aliyekuwa jikoni naye siku zile alikuwa Rashidah, jirani na rafiki yake tangu usichana. Kulusum alimwambia mbele ya wageni, "Rashidah, nirudishie doka langu." Rashidah alifunga leso yake kiunoni akaenda kwake. Tangu hapo, miaka minane, ni salamu za juu ya ua tu. Dawudi alimnunulia mkewe doka jipya, lakini gurusa za kupika peke yako hazina ladha, na Kulusum alimkosa Rashidah kila asubuhi ya Mungu.

Odero akainua pikapu kwa jeki, akaiegemeza kwenye vigogo vya mti, akang'oa magurudumu. Kisha akafungua boneti, akalaza gogo nene juu ya mabawa mawili ya mbele, yale yanayofunika magurudumu, magunia chini yake ili rangi isichubuke, akafunga mnyororo kutoka gogoni hadi kwenye kulabu za injini. Akaukaza mpaka ukalia. Kulusum alisahau chai. Alisogeza kigoda karibu zaidi, akainamisha shingo. Nati za injini zikafunguliwa, mikono ya magurudumu ikaachia, na mwisho krosimemba ikateremka polepole juu ya jeki. Injini ikabaki hewani, imetulia tuli.

"Kumbe," alisema Kulusum. Akatazama mnyororo, akatazama gogo, akatazama tena mnyororo, akafurahi moyoni kama aliyeonyeshwa siri ya watu wakubwa.

Odero alitaka kuhamisha kishikio kimoja kutoka chuma cha zamani kwenda kwenye kile kingine alichokinunua, basi akaanza kukwangua lami na matope kwa patasi. Akasita.

"Mama, nani alichomelea hii?"

"Hakuna. Hii gari haijaingia gereji kwa kuchomelewa, hata siku moja."

"Basi kuna mtu aliingia chini yake. Ona, amebandika chuma ingine. Bila hii, ingekatika zamani, na wewe ndani."

Kulusum akapiga magoti. Palikuwa na bamba lenye ukingo wa mviringo, limekatwa nusu kama mkate. Pembeni lilikuwa na matundu mawili ya pete ya kuning'inizia, na karibu nayo kibonyeo kidogo. Kibonyeo hicho alikitia mwenyewe, alipoliangusha doka juu ya jiwe akiwa bibi arusi.

Alicheka hadi Odero akaogopa, kisha akalia. Alimkasirikia Dawudi na hakuwa na wa kumkasirikia. Mashine ya kuchomelea aliipata wapi kama si kwa mafundi wa polisi, wenzake? Labda alitaka kununua jingine kabla hajagunduliwa, na mkewe akawahi kumtaja Rashidah. Kwa nini hakusema baadaye? Swali hilo lilikuwa limeshakosa mtu wa kulijibu.

"Nikatie hiyo, fundi."

Jioni, chuma kipya kikiwa mahali pake na injini imekikalia, aliendesha hadi Makindye. Hakuingia kwake. Alisimama kwa Rashidah, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, akaliweka lile bamba miguuni pake.

Rashidah aliligeuza, akapitisha kidole kwenye yale matundu.

"Lilikuwa wapi?"

"Chini ya injini. Dawudi."

Rashidah alilipakata. "Kwa hiyo ile siku presha iliponipanda, Dawudi akanikimbiza hospitali kwa pikapu hii, ndilo lililonibeba."

"Ndilo," alisema Kulusum. "Kwa nini hukukana, Rashidah? Neno moja tu. Ningekuamini."

"Kwa sababu hukuniuliza. Unamwuliza kila mtu hapa Makindye, hata watoto. Mimi uliniambia."

Kulusum alisimama pale, ufunguo wa gari mkononi. Kisha akakaa chini sakafuni, na Rashidah akausogeza ungo wa mchele katikati yao.