Sinia la Mkwaja

Sinia likiwekwa chini juu ya saruji halinyamazi mara moja. Lile la Mkwaja lilikuwa kubwa, la alumini, kitako chake kimebinuka kwa umri, kwa hiyo hata likijaa wali lilikuwa linagonga kwanza, kisha linayumba ukingo kwa ukingo, wa-wa-wa-wa, sauti ikizidi kuwa nyembamba mpaka linatulia. Mimi nilikuwa chumba cha pili, magoti chini, pini mdomoni, gauni la harusi limenizunguka pande zote. Sauti ile ilipita chini ya mlango ikanifuata hapo nilipo. Mpaka leo nikifumba macho naisikia.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Tanga mjini, ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ndani ya kibanda hicho hicho, kichwani mwangu, nimeshafungua duka kubwa lenye kioo kinachoanzia darini mpaka sakafuni. Shule sikwenda mbali. Ila kazi yangu wateja wanaipenda mpaka wanageuza nguo ndani nje wakionyeshana, kwa sababu ndani nako nashona kama nje. Mshono ukipinda kidogo nafumua. Mtu hataona, najua, lakini mimi nimeshaona.

Sasa na chakula nacho nilikuwa nakiendea hivyo hivyo. Kwenye simu kuna dada mmoja, simjui hanijui, mwembamba, ngozi inang'aa, na masharti yake niliyashika kuliko mafundisho ya kipaimara. Asubuhi maji ya uvuguvugu. Mayai mawili ya kuchemsha. Mchana matango. Nazi marufuku, na hebu fikiria mtu wa Tanga kuikimbia nazi. Kwa kuwa kazi zilikuwa nyingi, masharti hayo yalinifaa, maana tango halihitaji jiko wala halikuondoi kwenye mashine.

Taabu ilikuwa siku ikipata doa. Mteja akija na kipande cha keki ya bethdei ya mwanawe, nikakionja kwa adabu tu, basi siku imeshaharibika. Na kama imeharibika, ya nini kuilinda tena? Nilikuwa nafunga pazia nakula kachori, chapati, chochote kilicho karibu, nimesimama, haraka haraka, kama mtu anayemeza ushahidi. Halafu najiambia, Jumatatu. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yangu ya kufumua. Nimefumua Jumatatu nyingi sana, jamani. Na katikati ya hayo yote nilikuwa naimba na kucheka na wateja, hakuna aliyejua kwamba huyu mchangamfu ana njaa.

Ndipo ikaja kazi ya Mkwaja, kule pwani ya kusini karibu na Saadani. Bibi harusi mwenyewe alikuwa mteja wangu tangu zamani. Lesi yake aliinunua mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, na ilikuwa mwisho wa jora. Mzee aliipima mara mbili, akasema iliyobaki ndiyo hii, hakuna nyingine. Kwa kuwa binti alikuwa ameshawekwa ndani, anasingwa mwili ung'ae na hatoki nje mpaka siku yake, hakuweza kuja Tanga kupimishwa. Akaomba mimi niende. Nikabeba cherehani yangu ya mkono nikaenda.

Nyumba ile ilikuwa ya bibi yake, mzaa baba, mama mfupi mwenye mikono mikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajaniuliza jina akaniuliza nimekula. Nikasema nimekula. Palikuwa na shangazi wa bibi harusi pia, bintiye bibi, mwenye mdomo unaofaa kwa nyumba ya harusi. Mchana huo walipoandaa nikasema nitakula baadaye, kazi kwanza, na isitoshe nimekuja na changu. Shangazi akachungulia kopo langu la matango na mayai.

"Fundi, hiki chakula au dawa?"

Nikacheka, naye akacheka. Bibi hakucheka. Alinitengea sahani yangu, akaifunika kawa, akaiweka mezani. Jioni nikairudisha jikoni kama ilivyokuwa. Siku ya pili vilevile. Nilijua ninachofanya. Mimi ni mtoto wa Muheza, nimelelewa nyumba ya Kilutheri, lakini hata kwetu kurudisha chakula cha mtu kama kilivyo ni kama kuacha salamu yake ikining'inia hewani. Nilijua, na bado nikairudisha, maana wali ule ulinukia nazi toka mbali.

Siku ya tatu ilikuwa ya kukata mikono ya gauni. Mwili umeshakwisha, bado mikono, na lesi iliyobaki ilitosha mikono miwili kamili, si zaidi. Nilikata wa kwanza. Nilipoanza wa pili vidole vikaanza kutetemeka. Mtetemeko huo tulikuwa tunajuana, huko mjini nilikuwa naunyamazisha kwa chai ya sukari nyingi na siku inahesabika imeharibika. Pale nikaukaza mkono, nikasema utapita. Mkasi ukatoka kwenye alama ya chaki, ukachana lesi kama urefu wa kidole, katikati kabisa ya pale ulipotakiwa kutoka mkono wa pili.

Bibi harusi alikuwa amelala kitandani, uso umepakwa liwa. Akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, lakini sauti ilikuwa haisemi hivyo. Akaja akaitazama lesi. Hakunilaumu. Alisimama tu na ile liwa yake usoni, machozi yakaanza kuchimba mistari miwili ndani yake, kisha akamwita bibi.

Bibi akaja anafuta mikono kwenye kanga. Nikamweleza kwamba bado kuna nafasi. Nikikigeuza kile kipande kidogo upande, mkono utapatikana pembeni ya mchano, ila patabaki upana wa ukucha tu, na sasa hivi ndiyo nikate nijue moja, maana nikikosea tena bibi harusi hana gauni. Nilisema yote hayo bila kupumua. Yeye lesi hakuitazama. Alinishika kiganja akakiinua, na sote watatu tukakiona kinavyocheza.

"Mkono huu haujala," akasema. "Weka mkasi."

"Bibi, muda hakuna."

"Lesi ina miguu? Weka mkasi, njoo."

Wakati huo huo nikasikia shangazi analiweka sinia chini kule chumba cha pili, wa-wa-wa-wa.

Utotoni nimekula sinia moja na dada zangu, lakini kwetu ulikuwa ni ugomvi wa nyama, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Sikuwahi kutazama. Siku ile nilitazama, kwa sababu niliogopa, na mtu anayeogopa anaona vitu. Tulikaa wanne juu ya mkeka: bibi, shangazi, bibi harusi, na mimi. Wakasema bismillah, mimi nikasema sala yangu kimya. Katikati ya wali wa nazi alikuwa samaki, changu mkubwa wa kukaanga. Bibi akamfungua mgongoni kwa vidole vitatu akavuta uti wote mzima, kama unavyovuta uzi wa kukunjia kitambaa, na miba ikaja nayo yote. Akaiweka upande wake. Kisha minofu ikaanza kutembea. Huku unasukumwa mmoja, kule mmoja, na yeye anaongea habari za mvua, hatazami hata mkono wake unafanya nini.

Nilijaribu kuhesabu matonge yangu, tabia hiyo. Lakini kila nikila, mbele yangu panajaa. Nilichota, nikainua macho, nilipoyashusha kuna mnofu mwingine umeletwa. Sahani ina mwanzo na mwisho, unaweza kusema nimekula nusu, nimeacha robo. Kwenye sinia lile sikuona mpaka wangu unaishia wapi. Shangazi akaanza kisa cha harusi moja ya Pangani ambayo bwana harusi alisinzia akifungishwa ndoa, tukacheka, na hesabu ikanipotea. Niliitafuta nikaikosa, na ajabu ni kwamba hakuna kilichoanguka.

Halafu nikagundua jambo ambalo mpaka sasa linanisisimua mwili. Bibi alikuwa ameshiba zamani. Shangazi naye, na bibi harusi. Lakini hakuna aliyenyanyuka wala aliyetoa mkono. Bibi alikuwa anaokota punje moja, anaizungusha, anaiweka mdomoni, anaokota nyingine. Walikuwa wananingoja. Mimi ndiye niliyekuwa nakula polepole, na hawakutaka nimalize peke yangu kama mwenye makosa. Hakuna aliyesema kula, hakuna aliyesema maliza. Mikono mitatu ilibaki siniani kunisindikiza, basi. Nikainamisha kichwa, maana macho yalikuwa yananiuma, na kachumbari nikaisingizia.

Baada ya hapo wakalala palepale kwenye mkeka, nami nikalala, mimi ambaye mchana silali. Nilipoamka mkono ulikuwa umetulia kama si wangu. Nikageuza lesi, nikachora upya, nikakata. Mkasi ulipita pembeni ya ule mchano bila kuugusa. Bibi harusi, aliyekuwa amekaa kitandani ameshika mdomo, akajitupa chali, liwa ikaganda kwenye mto.

Nisidanganye kwamba nilipona siku hiyo. Usiku ile sauti ya masharti ilikuja: nazi, tena nazi, kesho ni maji tu. Lakini kesho yake mchana shangazi akasimama mlangoni akasema sinia linanisubiri, na kwamba yeye ana njaa, nisimuue. Unawezaje kuwaweka watu na njaa kwa ajili ya dada wa kwenye simu? Nikaenda.

Kisha mkesha wa harusi wakapika pilau. Jamani, pilau lile. Nilikula mpaka nikazidisha, na nilipojua nimezidisha nikaanza kuingoja ile aibu ije, naijua inavyoingia, inaanzia tumboni inapanda shingoni. Pembeni yangu bibi akaegemea ukuta, akalegeza fundo la kanga.

"Aa, leo nimepitiliza," akasema.

Shangazi akamwambia asubiri biriani la kesho. Bibi akajibu kwamba la kesho atalila kesho, akaomba chai ya tangawizi, akanywa, akacheua bila haya, akaenda kulala.

Nilimwangalia jioni nzima nikitafuta mahali adhabu itakapotokea. Asubuhi nikaamka mapema makusudi nione atafanya nini. Alifanya yale ya kila siku. Alikunywa chai na muhogo wa kuchemsha, akauliza kama kuku wamefunguliwa. Nilimtazama kama ninavyotazama nguo iliyoshonwa na fundi aliyenizidi mbali, unaigeuza na kuigeuza unatafuta mshono umefichwa wapi, huuoni. Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, jana ulisema umepitiliza."

"Eh, nilipitiliza."

"Sasa?"

"Sasa nini, mwanangu? Tumbo limeshafanya kazi yake. Ulitaka nilipeleke polisi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye akaendelea na muhogo wake. Hakujua amesema nini, nadhani, na sikumweleza. Ningeanzia wapi? Mimi nilikuwa nimelipeleka langu polisi kila wiki, na hakimu mimi, na askari mimi.

Gauni lilimkaa. Maua ya lesi kwenye mkono wa kushoto yalikuwa yameinama kidogo kuliko ya kulia, kwa sababu ya kukigeuza kile kipande, na mimi niliyaona toka upande wa pili wa ukumbi. Kila alipoinua mkono kupokea zawadi, yaliinama mbele yangu. Hakuna mwingine aliyeyaona. Nilimtazama anavyong'aa, anavyocheka, nikasema moyoni kwamba yule amevaa gauni zuri. Na alikuwa amevaa gauni zuri, si uongo.

Nilirudi Tanga. Zipo siku bado nafunga pazia, sijawa malaika. Lakini zinapita, na siku inayofuata inaweza kuwa Jumatano tu, Jumatano ya kawaida. Nazi imerudi jikoni kwangu. Yule dada kwenye simu nimeacha kumfuatilia, simchukii, namwombea ale.

Siku moja majuzi, shule zinakaribia kufunguliwa, sare zimejaa kibandani mpaka sina pa kuweka mguu, nilibandika maharage nyuma nikayasahau. Harufu ndiyo iliyoniita. Chini yameshika, yameungua meusi, juu yamebaki mazima ila yameshapata moshi. Zamani ningeyamwaga yote, na siku ningeimwaga nayo. Nilisimama na mwiko mkononi. Nikachota ya juu taratibu bila kugusa chini, nikayatia kwenye bakuli, nikaonja. Moshi ulikuwemo, na ladha ilikuwemo. Nikazima jiko, nikasukuma sare pembeni, nikamenya kitunguu kibichi nikakikata juu yake, nikavuta stuli ya wateja nikaketi.